Safu ya Lugha: Ethi si nyutro

Gitega na Muyinga, Burundi, fundi umeme aliyesoma kwa Kifaransa huuita waya wa usalama "tere"; aliyejifunzia kazi Tanzania huuita "ethi". Maneno yote mawili asili yake ni maneno yenye maana ya ardhi, nayo ni sahihi. Kosa ni kuuita waya huo "nyutro". Nyutro hurudisha umeme kila taa inapowaka. Waya wa ethi, wa kijani na manjano, husubiri hitilafu: umeme ukivuja, huupitisha ili breka ikate.

Wala breka si "fyuzi". Fyuzi huyeyuka, ikabadilishwa. Breka hujizima, ikawashwa tena. Ikijizima mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi: waya wa soketi wa milimita mraba 2.5 hulindwa na ampea 16 au 20. Tutaje sawasawa: jina likikosewa, nyumba inaweza kuungua.