Muhogo na Mpira

Sisi wakaao Chikongola na pwani yote ya Mtwara hata mlango wa Ruvuma, twaujua muhogo kuwa akiba ya nyumba: makopa kwa ugali, kisamvu kwa kitoweo. Hata hivyo muhogo ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioleta mbegu yake Afrika. Nao ulipofika huku ulikuta maradhi usiyoyazoea. Habari za batobato katika nchi hii ziliandikwa mwaka 1894. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936 na Bwana H. H. Storey wa Amani, katika milima ya Usambara. Huu wa pili una hila. Majani yaweza kusimama mabichi, mwenye shamba akatulia moyo, kumbe mizizi imekwisha kuoza chini, nayo haifai kuliwa.

Bwana Storey na mwenziwe R. F. W. Nichols walipoona kwamba kinga ya mihogo ya kawaida haitoshi, waliugeukia mti wa mpira, ule uliopandwa zamani za Wadachi kwa ajili ya utomvu wake. Mti huo nao ni wa Brazil, tena ni ndugu wa muhogo, ila mizizi yake si chakula. Wakachanganya chavua, wakapata chotara.

Tusidhani kwamba mtoto huyo wa kwanza alikuwa hazina. Alirithi afya ya mpira pamoja na mizizi yake mibaya. Na chotara wengi, hata wa porini, hawafiki mbali. Basi wakamrudisha kwa muhogo, na mjukuu vile vile, na kitukuu vile vile, kila mara wakiwatupa waliougua na kubakiza wachache wazima. Kwa njia hiyo kipande kidogo cha urithi wa kigeni hubaki, na mengine huchujwa. Porini wachujaji ni ukame, wadudu na maradhi, nao hawana haraka. Amani kazi ilifanywa kwa mikono, kwa muda wa miaka ishirini hivi, ikakoma mwaka 1957.

Mmoja wa vizazi hivyo uliandikwa namba 46106/27. Namba haipikwi. Wakulima wa pwani ya Kenya waliuita Kaleso, na wa huku kusini Namikonga, wakaendelea kukata mashina na kupanda, mwaka hata mwaka, baada ya wataalamu wale kwenda zao. Baadaye urithi wa mimea hiyo miwili ulipolinganishwa, ilionekana kuwa ni mmoja. Na mwaka 2016 ilichapishwa habari ya kusomwa kwa urithi wa mihogo mingi. Katika Namikonga na mingineyo vilikutwa vipande virefu vya mpira.

Tawi jingine la ukoo huu, namba 58308, lilifika Ibadan, Nigeria, likazaa mihogo yenye kustahimili batobato. Batobato kali ilipoteketeza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, mihogo ya uzao huo, iliyoitwa Nase, ndiyo iliyopandwa. Lakini tangu mwaka 2004 michirizi ya kahawia iliingia huko, na mihogo mingi iliyoishinda batobato ikaangushwa. Kinga ya ugonjwa mmoja si kinga ya mwingine. Ndiyo sababu watafiti wa Naliendele, karibu na mji wetu, wameutumia Namikonga kuwa mzazi wa mihogo mipya.