Mhudumu wa afya akipigwa kazini: fidia hudaiwa wapi?

Mara nyingi huanza hivi. Ni usiku katika kituo cha afya cha mtaa mmoja wa Kamina. Mama muuguzi yuko zamu, pamoja na mlinzi mmoja tu. Mgonjwa amefariki, jamaa zake wana hasira, na mmoja wao anamrukia muuguzi kwa ngumi. Asubuhi wazee wanakuja kupatanisha, watu wanaomba pamoja, kisha muuguzi anarudi nyumbani na mkono uliovunjika. Dawa atazilipa mwenyewe.

Kusamehe ni jambo jema. Lakini msamaha wa aliyepigwa haumwondolei mwajiri wajibu wake, wala hauifuti haki ya fidia. Mtume Paulo, baada ya kupigwa bila hukumu kule Filipi, alikataa kutoka gerezani kwa siri. Alitaka wakubwa wenyewe waje wamtoe (Matendo 16).

Hatari hii inajulikana nchini kwetu. Tarehe 19 Aprili 2019, Dkt. Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kupambana na Ebola, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali mjini Butembo.

Njia ya kwanza: CNSS

Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayoongoza hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wenye mkataba. Ajali ya kazi ni ile inayompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi au akiwa kazini, hata kama yeye mwenyewe alikosea. Njia ya kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi inahesabiwa pia. Kwa hiyo muuguzi anayepigwa na mgonjwa au jamaa yake akiwa zamu anaweza kudai kama aliyepata ajali ya kazi. Si lazima aliyempiga akamatwe kwanza.

Haki zenyewe ni matibabu, posho ya siku ambazo hawezi kufanya kazi, na malipo ya ulemavu ukibaki. Akifariki, jamaa wanaomtegemea wana haki yao.

Fedha hizo hutoka kwenye michango. Mwajiri hulipa asilimia 13 ya mshahara, na ndani yake asilimia 1.5 ni ya hatari za kazi. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya pensheni. Kanisa lenye hospitali au kituo cha afya ni mwajiri kama wengine: aliyeajiriwa kwa mkataba lazima aandikishwe.

Hapa ndipo shida kubwa ilipo. Katika kituo kimoja unaweza kukuta watu wa aina tatu. Wenye matrikile ya serikali wako chini ya CNSSAP, kasha la watumishi wa umma. Walioajiriwa na kanisa wako chini ya CNSS, kama wameandikishwa. Wa tatu ni wanaoishi kwa prime ya kituo bila mkataba, pamoja na wanaojitolea. Kwao mlango huu ni mgumu sana kufunguka. Kila mmoja aulize leo yuko kundi gani, kabla ya siku ya shida.

Njia ya pili: mahakama

Kupiga na kujeruhi ni kosa la jinai. Kifungu cha 46 cha sheria ya adhabu kinatoa kifungo cha siku 8 hadi miezi 6. Kama pigo limeleta ugonjwa au kushindwa kufanya kazi, kifungu cha 47 kinatoa miaka 2 hadi 5. Aliyepigwa anaweza kuomba fidia katika kesi hiyo hiyo, kwa kujiunga nayo kama mdai.

Asichelewe. Kosa la kifungu cha 46 haliwezi kushtakiwa tena baada ya mwaka mmoja. Lile la kifungu cha 47, baada ya miaka mitatu.

La kufanya siku ile ile

1. Atibiwe, na daktari aandike cheti kinachotaja majeraha na siku za kupumzika.
2. Mkubwa wa zamu aandike tukio kwenye kitabu: saa, mahali, majina ya mashahidi.
3. Mwajiri atangaze ajali kwa CNSS na kwa mkaguzi wa kazi, bila kungoja mapatano ya familia.
4. Aliyepigwa apeleke malalamiko polisi au kwenye parke, na abaki na nakala ya kila karatasi.

Mwajiri akikataa, mfanyakazi aende kwa mkaguzi wa kazi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka upatanisho ufanyike huko kwanza. Bila hiyo, mahakama haipokei kesi ya kazi.

Kwa wachungaji na kamati za afya

Mapatano ya kanisani yana nafasi yake, lakini yasichukue nafasi ya karatasi. Kabla ya kumwomba mama muuguzi asamehe, muulizeni nani analipia dawa zake. Na katika mkutano ujao wa kamati, fungueni orodha ya wafanyakazi mhesabu: wangapi wana mkataba, na wangapi wana nambari ya CNSS? Asiye na nambari ndiye mtakayemwombea sadaka siku atakapopigwa, ingawa alistahili kulipwa haki yake.