Distrofi ya Misuli

Distrofi ya misuli ni kundi la magonjwa ya kurithi yanayoila misuli polepole, hadi nyuzi zake zife na nafasi yake ishikwe na mafuta na kovu. Unaojulikana zaidi ni ugonjwa wa Duchenne, wenye jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19. Huwapata wavulana zaidi, kwa kuwa jeni yenye kasoro imo kwenye kromosomu X. Jeni hiyo hutoa distrofini, protini iliyotambuliwa mwaka 1987, inayoufungamanisha utando wa seli ya msuli na kiunzi cha ndani. Ikikosekana, utando huchanika msuli unapojikaza.

Kwa asili yake ya Kigiriki istilahi hii humaanisha lishe mbovu, na hapo inapotosha: mgonjwa hana utapiamlo. Wengi husema “kudhoofika kwa misuli”, lakini misuli ya aliyelazwa kitandani kwa muda mrefu nayo hudhoofika. “Uchakavu wa misuli” unafaa zaidi, maana kitu huchakaa kwa kutumika.

Ushahidi kwamba misuli hii huchakaa kwa kutumika unatoka kwa samaki milia, Danio rerio, mwenyeji wa mito ya Asia Kusini. Vifaranga vyake hupenyeza nuru, hivyo misuli huonekana bila kupasua mwili. Wapo wenye kasoro ya distrofini, ukoo uitwao sapje. Kifaa cha kuwatambua ni chepesi ajabu: darubini yenye vichujio viwili vya nuru vilivyopishanishwa mpaka kati yake pawe giza. Kifaranga akiwekwa hapo, misuli mizima hung'aa, kwani nyuzi zilizojipanga sawasawa hugeuza mtetemo wa nuru. Palipochanika hubaki doa jeusi. Kwa njia hiyo watafiti wa Boston walichuja dawa nyingi, wakachapisha matokeo mwaka 2011.

Doa, hata hivyo, halisemi msuli una nguvu kiasi gani. Kwa hilo kifaranga hubanwa kati ya kulabu mbili, moja ikiwa imeunganishwa na kipima nguvu, kisha husisimuliwa kwa umeme. Jaribio jingine lilikuwa la kuwatuliza tu: vifaranga wasio na distrofini walipotiwa dawa ya ganzi majini wasitikisike, nyuzi zao zilisalimika. Kwa mtoto mgonjwa njia hiyo haiwezekani, kwani moyo na kiwambo cha kupumulia navyo ni misuli.