Darjeeling: Mji wa Msafiri na Mji wa Mchuma Chai

1. Utangulizi

Miji ya milima ya Himalaya imeelezwa sana na wapita njia, na aghalabu kwa kalamu ya sifa. Mmojawapo ni Darjeeling, ulioko kaskazini mwa jimbo la West Bengal nchini India, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Msafiri huamka kabla ya alfajiri, akapanda Tiger Hill, akangoja jua liguse theluji ya Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani (mita 8,586). Akirudi mjini hunywa chai yenye harufu ya maua, kisha hupanda garimoshi dogo la mvuke. Makala haya hayakanushi uzuri huo. Yanakusudia kuonyesha kwamba chai na reli vililetwa na historia ile ile iliyowaleta wakazi wengi wa mji, na kwamba mche wa chai ulikubaliwa kuwa wa pale upesi kuliko watu waliouchuma.

2. Kutoka nyumba ya watawa hadi koloni

Jina la mji latokana na Kitibeti: dorje ni radi, ling ni mahali. Lilikuwa jina la nyumba ya watawa wa Kibudha iliyosimama juu ya kilima kinachoitwa sasa Observatory Hill, ambako Wahindu na Wabudha huabudu pamoja hadi leo. Nchi hiyo, makao ya Walepcha tangu kale, ilikuwa chini ya ufalme wa Sikkim. Majeshi ya Nepal yaliiteka. Waingereza walipoyashinda, waliirudisha kwa Sikkim kwa mkataba wa Titalia wa mwaka 1817.

Ulezi huo haukuwa wa bure. Mwaka 1829 afisa mmoja wa Kampuni ya India Mashariki aliyeitwa Lloyd alifika kwenye kilima hicho, akaona kwamba hewa yake ingewafaa askari wagonjwa waliochoshwa na joto la nchi tambarare. Tarehe 1 Februari 1835 mfalme wa Sikkim alitia saini hati ya kuitoa ardhi hiyo. Hati ilitaja urafiki, haikutaja malipo. Ni baadaye tu, kuanzia 1841, Kampuni ilipomlipa rupia 3,000 kwa mwaka, zilizoongezwa kuwa 6,000 mwaka 1846. Mwaka 1849 Archibald Campbell, msimamizi wa mji, na mwanabotania Joseph Hooker walikamatwa wakiwa safarini Sikkim. Kampuni ilijibu mwaka 1850 kwa kukata malipo na kumnyang'anya mfalme nchi nyingine zaidi. Hivyo ndivyo zawadi ilivyozaa unyang'anyi.

3. Chai na reli

Campbell huyo huyo ndiye aliyepanda chai katika bustani yake mwaka 1841, kwa mbegu za mche wa Kichina zilizotoka Kumaon. Kufikia miaka ya 1850 mashamba ya biashara yalikuwa yameanza, na misitu ikafyekwa mteremko kwa mteremko. Kazi ilihitaji mikono mingi. Wafanyakazi walitoka hasa mashariki ya Nepal: Warai, Walimbu, Watamang, Wagurung na Wamagar. Wachumaji wengi walikuwa wanawake, kapu mgongoni likining'inia kwa ukanda uliopitishwa juu ya paji la uso.

Reli ilijengwa kati ya 1879 na 1881. Upana wa njia yake ni milimita 610 tu, na hupanda kutoka bondeni hadi stesheni ya Ghum, yenye kimo cha mita 2,258, bila msaada wa meno ya chuma: hujizungusha katika vitanzi, na penye mteremko mkali hurudi kinyumenyume kisha husonga mbele tena. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

4. Lugha ya vibarua

Waliokusanyika mashambani hawakuwa na lugha moja. Kila kabila lilikuja na lugha yake. Kinepali ndicho kilichowaunganisha shambani, sokoni na hatimaye nyumbani. Lugha ya kazi ikawa lugha ya mama, kisha lugha ya vitabu. Mwaka 1924 ulianzishwa mjini Darjeeling Nepali Sahitya Sammelan, umoja wa fasihi ya Kinepali, na katika uwanja wa Chowrasta imesimamishwa sanamu ya Bhanubhakta Acharya, mshairi aliyeitia Ramayana katika lugha hiyo.

Hata hivyo, wasemaji wake waliendelea kuulizwa asili yao. Ndiyo sababu wengi hujiita Gorkha, wasichanganywe na raia wa Nepal. Kinepali kilikubaliwa katika shughuli za serikali za wilaya za milimani mwaka 1961, lakini kiliingia katika Jedwali la Nane la Katiba ya India mwaka 1992 tu. Kati ya hapo, madai ya jimbo la Gorkhaland yalimwaga damu kuanzia 1986 hadi mapatano ya 1988. Mwaka 2017 tangazo kwamba Kibengali kingefundishwa kwa lazima shuleni liliamsha mgomo wa siku 104. Maduka yalifungwa, na majani ya chai yakakomaa bila kuchumwa.

5. Hitimisho

Mwaka 2004 chai ya Darjeeling ikawa bidhaa ya kwanza nchini India kulindwa kisheria kwa jina la mahali inapotoka. Hakuna aliyeuliza kama mche huo ulikuwa mgeni kutoka China. Mababu wa wachumaji walivuka mpaka ulio karibu zaidi, katika karne ile ile, lakini wajukuu wao walilazimika kudai kwa miaka mingi haki ya kuitwa wenyeji. Msafiri anayeusifu mji huo asiuache upande huu wa historia yake, kwa kuwa mikono iliyomwandalia kikombe cha chai inao pia msemo wake, na msemo huo ndio lugha ya mji.