Gidamis Shahanga na Ujira wa Mbio

Tangu zama zile ambapo wilaya ya Mbulu ilikusanya Karatu, Hanang na nchi yote iliyo baina yao, jina lake limevuma duniani kwa sababu ya miguu ya vijana wake. Na ukiwauliza Watanzania walio wengi, aghalabu watakutajia wawili: Filbert Bayi wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Na John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani giza limekwisha tanda na mguu umefungwa bendeji, wa mwisho miongoni mwa 57 waliomaliza. Wa tatu hatajwi ila kwa nadra, naye ndiye ninayekusudia kumweleza hapa, kwa kuwa maisha yake yanadhihirisha jambo ambalo wawili hao, kwa ukubwa wa sifa zao, hawawezi kulidhihirisha: ya kwamba mbio zilikuwa pia kazi ya kuhamahama, mfano wa kazi ya beki wa kulipwa ambaye hakupata kuwa nyota, akaenda kucheza kila alikoitwa.

Gidamis Shahanga alizaliwa Katesh mwaka 1957, katika nchi ya Wabarbaig, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa mita 3,417. Mwaka 1978, hajatimiza bado miaka 21, alikwenda Edmonton katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashinda marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 40, akimwacha nyuma Jerome Drayton wa Kanada mbele ya watu wa nchi yake mwenyewe. Lakini medali ya dhahabu haikuwa riziki, kwani kanuni za riadha za siku hizo zilimharamishia mkimbiaji ujira wa dhahiri, hata ikawa apokeaye fedha hadharani hupoteza haki yake ya Olimpiki. Na mpaka mwaka 1982 ndipo wakuu wa riadha ya dunia waliporidhia fedha za mbio ziwekwe katika amana. Mcheza mpira wa Ulaya alikwisha kuwa na mkataba na mshahara kwa miaka mingi. Mkimbiaji wa Katesh alitakiwa awe tajiri kwanza, ama ajifanye kuwa hana njaa.

Njia iliyobaki ilikuwa elimu, na Shahanga akaifuata mpaka chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso, alikokuwako pia mkimbiaji mwenzake wa Tanzania, Suleiman Nyambui, ambako kijana aliikimbilia karo yake na chuo kikajipatia ushindi. Sioni aibu katika muamala huo, kwa maana pande zote mbili zilijua kinachouzwa.

Kisha yakaja mashindano ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane ya mwaka 1982, nayo, kwa maoni yangu, ndiyo yanayostahili kukumbukwa kuliko yote. Shahanga alitwaa dhahabu ya mita 10,000, na Mtanzania mwenzake, Zakaria Barie, akashika nafasi ya pili. Na baada ya siku chache tu, miguu yake haijapoa, akajitosa tena katika marathoni, akatangulia yeye na Mtanzania mwingine, Juma Ikangaa, kwa mwendo ambao wenzao wote waliuona kuwa ni wazimu, wakawapita Waaustralia waliojaa kandokando ya barabara kumngojea mwenzao Robert de Castella. De Castella alimfikia Shahanga kwanza, akampita, kisha akapambana na Ikangaa bega kwa bega mpaka akamshinda kwa sekunde 12. Shahanga alimaliza wa sita. Mwenye kuhesabu medali atasema alipoteza siku yake, ilhali mwenye kuujua mchezo ataona kwamba bila ya yeye kuchochea moto ule wa mwanzo, mbio zile zisingekuwa mashuhuri hata leo.

Katika miaka hiyo hiyo, huko nyumbani, malisho ya Wabarbaig katika uwanda wa Basotu yalikuwa yakilimwa ngano na NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, takriban ekari 100,000, na wafugaji wakaingia mahakamani kudai ardhi yao. Kanada iliyompa Shahanga medali ndiyo iliyoleta matrekta.

Yeye aliendelea na safari: Rotterdam akashinda mwaka 1984 kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 12; Olimpiki za Moscow na Los Angeles akawa wa 15 na wa 22; na mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 32, akashinda Vienna kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28, upesi kwa dakika sita kuliko alivyokimbia Edmonton alipokuwa kijana. Na ni katika mji huo huo wa Edmonton, mwaka 2005, ambapo Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati jirani ya Hanang, alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, wakati ambapo zawadi ya fedha ilikwisha kuwa halali na yenye kutangazwa mbele ya watu wote.