Kauli Hufuata Kazi: Mazungumzo ya Kifo, Matanga na Wosia Kisiwani Pemba

Ikisiri

Wanaohimiza mikutano ya wazi ya kuzungumzia kifo huanza na dai kwamba kifo ni mwiko usiotajwa. Makala hii inaonyesha kuwa dai hilo halilingani na hali ya Pemba. Kisiwani humo kifo hutajwa hadharani, lakini kauli zake zimefungamana na kazi: kuosha, kuzika, kulipa madeni, kukaa eda. Kazi inapokosekana, kama ilivyokuwa kwa waliozama na MV Spice Islander I mwaka 2011, au inapochelewa kuanza, kama ilivyo kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kauli nazo hukwama. Ninapendekeza mkusanyiko utakaojengwa juu ya wosia, kisha ninajibu pingamizi tatu dhidi yake.

1. Dai la mwiko

Mnamo Septemba 2011, Jon Underwood aliwakaribisha watu nyumbani kwake Hackney, London, wanywe chai, wale keki na wazungumze kuhusu kifo. Wazo alilitoa kwa Bernard Crettaz, mwanasosholojia wa Uswisi aliyeanzisha mikutano ya namna hiyo mwaka 2004. Mikutano ya Underwood, aliyoiita Death Cafe, ilienea upesi katika nchi nyingi. Masharti yake ni machache: hakuna ajenda, hakuna mhadhiri, na washiriki hawaelekezwi kwenye uamuzi, bidhaa wala hatua yoyote. Nyuma ya masharti hayo ipo nadharia kwamba jamii za kisasa zimekikabidhi kifo kwa hospitali na makampuni ya mazishi, zikapoteza lugha ya kukisemea, na kwa hiyo dawa ni kuzungumza tu, bila shinikizo la kutenda chochote.

Kwa London huenda nadharia hiyo inafaa. Tatizo huanza inapochukuliwa kuwa kweli ya kila mahali, hata mtaalamu wa afya ya jamii akafika kisiwa cha watu zaidi ya 500,000 na kuuliza namna ya kuvunja ukimya ambao hajauthibitisha. Swali linalofaa kuulizwa Pemba ni hili: watu hukizungumza kifo wakati gani, nani husema, na kitu gani humpa ruhusa ya kusema?

2. Kazi za maziko na kauli zake

Kifo kikitokea, habari husambazwa kwa kipaza sauti cha msikiti na kwa simu. Redio ya Zanzibar nayo ina desturi ya miaka mingi ya kusoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, jamaa zake, mahali na saa ya maziko. Watu huyategea sikio, kwa sababu ndugu wa Unguja na Pemba wametawanyika pande zote mbili za mkondo na maziko hayangoji. Aliyefariki alfajiri mara nyingi huwa keshazikwa kabla ya magharibi.

Katika saa hizo chache kila shughuli ina wenyewe na kila mwenye shughuli ana maneno yake. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake. Pazia huvutwa, maji huandaliwa pamoja na majani ya mkunazi na karafuu maiti, na sanda hukatwa, vipande vitano kwa mwanamke na vitatu kwa mwanamume. Mwosha mzoefu humwelekeza anayejifunza: anza upande wa kulia, usimfunue, mkamue tumbo taratibu, na ukiona aibu ya maiti usitoke nayo. Hayo ni mazungumzo ya wazi kuhusu mwili uliokufa, ya undani ambao mkutano wa chai na keki hauukaribii. Huku nje vijana wanachimba kaburi kwa kupokezana, na wazee wamesimama ukingoni wakibishana juu ya upana wa mwanandani na viunza vya kuufunikia.

Kauli iliyo nzito kuliko zote husemwa penye sala ya maiti. Jamaa wa marehemu husimama mbele ya jeneza na kutangaza kwamba aliyekuwa akimdai marehemu awaone warithi, au asamehe. Kwa sentensi moja mtoto amekiri mbele ya watu kuwa mzazi wake kafa, kwamba huenda kaacha haki za watu shingoni, na kwamba yeye ndiye wa kuulizwa. Kijana huyu pengine hajawahi kutamka neno lolote kuhusu kifo cha baba yake, na jioni hiyo huenda asitamke jingine. Anasema kwa sababu deni hutangulia mirathi katika sheria ya dini, na lazima mtu alitangaze. Wajibu ndio uliomfungua kinywa.

Matanga huendeleza mpangilio huohuo. Mkono wa taazia, ubani, hitma na zamu za kupika, vyote ni shughuli zenye maneno yaliyokwisha pangwa. Mjane akikaa eda, miezi minne na siku kumi, wanawake wanaomzuru wana la kumfundisha: avae nini, atoke kwa dharura gani, ahesabu vipi. Hata ubishi wa miongo ya karibuni, baina ya wanaoendeleza hitma na arobaini na wafuasi wa Ansar Sunna wanaoziona kuwa ni bidaa, ni ubishi juu ya kazi. Upande mmoja unasema chakula cha matangani ni sadaka kwa marehemu. Wa pili unakumbusha kwamba Mtume aliagiza watu wa Jaafari, waliofiwa, ndio wapikiwe, si wao wawapikie watu. Jamii inayobishana misikitini kuhusu nani apike siku ya msiba haiwezi kuitwa jamii inayoogopa kukitaja kifo.

3. Kazi ilipokosekana: Septemba 2011

Mwezi uleule wa mkutano wa Hackney, usiku wa kuamkia tarehe 10, MV Spice Islander I iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Maiti zilizopatikana zililazwa katika viwanja vya Maisara mjini Unguja ili jamaa wazitambue. Zilizoopolewa baharini zilikuwa kama 200 tu, na watu wengi zaidi hawakuonekana tena. Aghalabu walikuwa Wapemba waliokuwa wakirudi nyumbani.

Msiba huo unaonyesha vizuri zaidi kuliko mfano mwingine wowote jinsi kauli zilivyofungwa kwenye kazi. Asiyeonekana haoshwi. Na kwa kuwa kuosha hutangulia sala, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi kisiwani, wamekhitalifiana kama aliyezama na maiti yake isipatikane anasaliwa au hasaliwi. Pasipo jeneza, hapana mahali pa kusimama na kutangaza deni. Mke hajui eda aianze siku gani, maana aliyepotea hahesabiwi maiti mpaka ipatikane yakini au kadhi ahukumu. Na mirathi haigawanywi kwa dhana. Mafundisho yaliwafariji watu kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi, lakini faraja hiyo haikujibu swali la mjane: mimi leo ni nani, mke au kizuka?

Mtazamaji wa mbali angeweza kuuona ukimya wa nyumba hizo kama mwiko, au kama jeraha la nafsi linalohitaji kikao cha kueleza hisia. Simkatalii kwamba jeraha lipo. Ninachodai ni kwamba kinywa kilifungwa na jambo jingine: mnyororo wa kazi ulikatika pete ya kwanza, na kila kauli ilikuwa imening'inia kwenye pete hizo. Kwa hiyo hukumu ya kadhi, inayotaja tarehe ya kifo, ilikuwa na uzito wa maziko. Ilimpa mjane siku ya kuanza kuhesabu na ikawapa warithi ruhusa ya kutamka neno marehemu.

4. Muda kati ya daktari na sakarati

Pengo la pili ni la kila mwaka, wala halitangazwi redioni. Mgonjwa wa saratani kutoka Micheweni au Kengeja huanzia hospitali ya kisiwani, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee ya Mkoani. Akihitaji matibabu makubwa huvuka kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na pengine taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Ikifika siku ya kuambiwa hakuna tena la kutibu, anayeambiwa mara nyingi ni kaka au mtoto wa kiume, tena pembeni. Mgonjwa hurejeshwa nyumbani na wageni humiminika. "Hujambo leo, bibi?" "Alhamdulillahi, afadhali ya jana." "Mungu atakupa shifaa." Kila mmoja ametimiza adabu ya kumzuru mgonjwa, na hakuna aliyesema analolijua.

Kauli hurudi siku ya mwisho. Sakarati ikianza, kazi inaanza: mgonjwa huelekezwa kibla, hulainishwa koo kwa maji, hutamkishwa shahada, na Yasini husomwa. Watu walionyamaza kwa miezi sasa wanajua hasa la kusema. Yaani baina ya maneno ya daktari na saa ya sakarati kuna muda mrefu ambao utamaduni umeupangia huduma, maana kuuguza ni wajibu mkubwa, lakini haukuupangia kauli. Ndani ya muda huo ndimo hupotea mambo ambayo hayafidiki: deni analolijua mgonjwa peke yake, amana ya mtu, mikarafuu aliyoiazima au kuirehani kwa mdomo, na maumivu ambayo tiba shufaa ingeyapunguza laiti yangetajwa mapema.

5. Wosia kama kazi ya walio hai

Ikiwa hoja ya hapo juu ni sahihi, mkutano usio na shabaha hautafaa Pemba. Masharti ya Underwood yanaondoa kitu kilekile kinachowapa watu wa hapa ruhusa ya kusema. Inatakiwa kazi inayoweza kuanza mtu akiwa na akili zake, na kazi hiyo ipo tayari: wosia.

Mwambao huu una mfano maarufu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha, na baada ya miaka kama miwili akafariki. Wahakiki wa leo wanaujadili hasa kwa mafunzo yake kuhusu utiifu wa mke, na mjadala huo ni wa haki. Kwa makala hii linalohusu zaidi ni hali ya mtunzi. Mwanamke aliyeuhisi mwisho wake alisema nao waziwazi, kwa sababu alikuwa na wa kumwambia na alikuwa na la kumwachia. Hakuhitaji kikao cha kumpa ujasiri.

Katika fikihi, mali ya marehemu hutoka kwa mpangilio: gharama za maziko, madeni, wosia usiozidi thuluthi, kisha mirathi. Wosia wa mali haumhusu mrithi ila warithi wenziwe wakiridhia. Lakini wosia unabeba zaidi ya mali. Ndimo yanamotajwa madeni na amana, ndimo anamowekwa wasii wa watoto, ndimo mtu anamosema nani amwoshe na azikwe wapi. Hakuna kinachozuia kuongeza humo maswali ya zama hizi: nikiumwa ugonjwa usio na tiba, niambiwe au asiambiwe ila fulani? Nivushwe bahari mara ya tatu au nibaki kwangu? Dawa ya maumivu ikinilaza usingizi, nipewe?

Mkusanyiko ninaoupendekeza ni darsa ya wosia, ya wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, kwenye chuo au baraza baada ya alasiri. Wahusika wanne wanatosha: mwalimu anayejua mirathi, mwosha, mhudumu wa afya aliyefunzwa tiba shufaa, na mtu wa kuandika. Kila aliyehudhuria aondoke na karatasi iliyoanza kujazwa. Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambao mirathi huwafikia ikiwa imeshageuka ugomvi, wangekuwa na sababu nzuri ya kuiunga mkono.

6. Pingamizi tatu

La kwanza ni uchuro. Mtu akianza kutaja kufa kwake huambiwa asijichurie, na mtoto anayemuuliza mama mgonjwa habari za wosia hushukiwa kuimezea mate mikarafuu. Pingamizi hili lina nguvu kando ya kitanda cha mgonjwa, na ndiyo maana kazi haifai kusubiri kitanda. Darsani wanaandika wazima na wazee pamoja, hivyo hakuna anayenyooshewa kidole. Tena dini yenyewe inamhimiza mwenye kitu cha kuusia asilale bila ya kuandika.

La pili ni mgawanyiko wa kidini. Mkusanyiko wowote unaohusu kifo unaweza kuburutwa kwenye ubishi wa hitma. Lakini wosia, madeni na mirathi ni mambo ambayo pande zote mbili zinayakubali. Wakikhitalifiana juu ya arobaini, hawakhitalifiani juu ya deni. Darsa ya wosia huenda ikawa miongoni mwa vikao vichache vya kifo vinavyoweza kuwaweka pamoja.

La tatu ni siasa, nalo ndilo gumu. Njia rahisi ya kuitisha mkutano ni kupitia kwa sheha, lakini sheha huteuliwa na serikali, na kisiwani Pemba cheo hicho kimeandamana na migogoro ya uchaguzi. Aidha, kuna vifo ambavyo havijapata kauli ya pamoja. Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF. Human Rights Watch iliripoti mwaka 2002 kwamba waliouawa Unguja na Pemba hawakupungua 35, na watu wapatao 2,000 walikimbilia Kenya. Anayewaalika watu wa Wete au Micheweni wazungumze kifo kwa uwazi, chini ya mwenyekiti wa kiserikali, awe tayari kuulizwa ni vifo vipi vinaruhusiwa kutajwa. Kwa hiyo sheha apewe taarifa kama jirani yeyote, na mwitaji awe imamu, ustadhi au mwosha anayeaminiwa na pande zote. Darsa ya wosia haitamaliza dhulma ya 2001, na isijidai kuimaliza.

7. Hitimisho

Pemba haihitaji kufundishwa kukitaja kifo. Inahitaji kazi ya kukitangulia, ili kauli ambazo sasa husubiri jeneza au sakarati zipate kutamkwa wakati mwenyewe yungali anasikia na anajibu. Mafanikio ya mpango kama huu yasipimwe kwa wingi wa watu waliotokwa na machozi kikaoni. Yapimwe kwa mambo yanayohesabika: wosia ulioandikwa, madeni yaliyotajwa na mdaiwa mwenyewe, wagonjwa waliopewa dawa ya maumivu majumbani, na mashauri ya mirathi yaliyopungua mbele ya kadhi. Yakipungua mashauri hayo katika shehia moja, ile ya jirani itaiga yenyewe.