Dawa za usingizi na ganzi: Athari zake kwa mtoto anayezaliwa

DAWA anayopewa mama ili kupunguza uchungu wa kujifungua haiishii mwilini mwake. Sehemu yake hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, ambaye ini na figo zake bado ni changa na huchukua muda mrefu kuiondoa.

Historia yake ni ndefu. Mwaka 1847, daktari wa Edinburgh, James Young Simpson, alianza kuwapa wanawake waliokuwa wakijifungua etha, na baadaye klorofomu. Mwaka 1952, Dk. Virginia Apgar wa New York, mtaalamu wa dawa za usingizi, alibuni kipimo cha hali ya mtoto kinachotumika hadi leo. Hutazamwa mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, mwitikio na rangi ya ngozi, dakika moja na dakika tano baada ya kuzaliwa. Alama za juu kabisa ni 10.

Athari hutegemea aina ya dawa na saa iliyotolewa. Pethidini, sindano ya kutuliza maumivu, ikitolewa saa chache kabla ya mtoto kuzaliwa, yaweza kumfanya apumue kwa shida, asinzie na kuchelewa kunyonya. Naloksoni huweza kuzuia athari hiyo, lakini haichukui nafasi ya kumsaidia mtoto kupumua.

Katika upasuaji, ganzi ya uti wa mgongo humfikishia mtoto dawa kidogo sana. Hatari yake ni kushuka kwa shinikizo la damu la mama, jambo linalopunguza damu iendayo kwenye kondo. Kwa sababu hiyo mama hulazwa akiwa ameinamia kidogo upande wa kushoto, huongezewa maji na hupewa dawa ya kupandisha shinikizo. Usingizi kamili humfikia mtoto kwa haraka zaidi, na huenda akazaliwa akiwa amelegea.

Mtoto wa namna hiyo hukaushwa, husuguliwa mgongoni na, asipopumua, husaidiwa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja. Utafiti wa hospitali nane za Tanzania uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kuwafunza wahudumu mbinu hizo kulipunguza vifo vya siku ya kwanza kwa asilimia 47.

Kuhusu ubongo, mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya usingizi wa zaidi ya saa tatu, au unaorudiwa, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2019 haukuona madhara kwa watoto wachanga waliolazwa usingizi kwa muda usiofikia saa moja.

Hivyo, mama anayehitaji upasuaji wa dharura hana sababu ya kukataa dawa, kwani ucheleweshaji ni hatari zaidi kwa wote wawili. La msingi ni saa ya kila sindano kuandikwa, na mkunga anayempokea mtoto kuijua.